Dozi Moja Haiwaenei Wote: Maswali Yenu kuhusu Vinasaba na Kinga

Katika toleo lililopita tuliwaomba mtuletee maswali kuhusu kinga ya magonjwa na tiba inayopangwa kufuata mwili wa mtu mmoja mmoja. Barua nyingi zimeuliza bei ya kupima DNA. Chache zimeuliza lile ambalo sisi tungelitanguliza: majibu yakitoka, nini kitabadilika? Kipimo kisichobadilisha dozi, chakula, ratiba ya kliniki wala uamuzi wa familia ni karatasi tu, hata kikiwa cha bei ghali. Tumechagua barua nane. Majina tumeyaacha.

Shikamoo dokta. Niko kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia, biolojia). Nataka kuwa mwanasayansi wa kinga na tiba ya vinasaba. Nisome udaktari au niende maabara? – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mdogo wetu. Milango iko zaidi ya mmoja. Mtazame Leroy Hood, Mmarekani wa Montana aliyezaliwa 1938. Alimaliza udaktari Johns Hopkins mwaka 1964, akafanya uzamivu Caltech, lakini wodini hakukaa. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitangaza mashine iliyosoma herufi za DNA yenyewe kwa rangi nne zinazong'aa, kila herufi na rangi yake. Kabla ya hapo watu walisoma kwa macho, mstari kwa mstari, kwenye filamu ya mionzi. Mashine za ukoo huo ndizo zilizosoma jenomu (vinasaba vyote) ya binadamu katika mradi wa 1990 hadi 2003. Mwaka 2000 alishiriki kuanzisha taasisi mjini Seattle, akawa mhubiri wa tiba ya nguzo nne: kutabiri, kuzuia, kumlenga mtu, na kumshirikisha. Yeye na wenzake waliwafuatilia watu 108 kwa miezi 9, wakipima jenomu, damu, mate, mkojo, choo na mwendo wa kila siku. Matokeo yalichapishwa 2017. Kampuni ya Arivale iliyouza huduma ya aina hiyo ilianza 2015 ikafungwa 2019, kwa kuwa kumhudumia mteja kuligharimu kuliko alichokuwa tayari kulipa. Somo hilo usiliruke. Kukusanya takwimu za mwili wa mtu ni rahisi kuliko kumpata wa kuzilipia.

Huku kwetu njia ilianzia shambani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humo mwaka 1949 akaona jambo la ajabu: waliobeba jeni ya seli mundu (ugonjwa wa kurithi unaokunja chembe nyekundu za damu) walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya 20 kati ya 100, na nyanda za juu karibu hawapo. Mwaka 1954 alichapisha kwamba jeni hiyo humkinga mbebaji dhidi ya malaria. Julie Makani alisoma udaktari Muhimbili, akaenda Uingereza kubobea, akarudi kujenga kundi kubwa la wagonjwa wa seli mundu wanaofuatiliwa mwaka hadi mwaka. 2011 Royal Society ilimpa tuzo yake ya Pfizer. Mzimbabwe Collen Masimirembwa hakupitia wodini kabisa. Yeye ni mtu wa bayokemia na dawa. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza aina ya jeni CYP2D6 (jeni ya kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa), inayoitwa *17, iliyo ya kawaida kwa Waafrika na inayopunguza kasi ya kuvunja dawa fulani.

Kwa hiyo: ukipenda kukaa na wagonjwa, soma udaktari. Usipopenda, au alama zisipofika, sayansi ya maabara ya tiba, famasia, bayokemia au biolojia ya molekyuli zitakufikisha palepale. Kinachowaangusha wengi si biolojia, ni takwimu. Anza sasa hivi kujifunza programu ya takwimu ya R na kutumia mfumo wa kompyuta wa Linux kwa kuandika amri. Baadaye kuna uzamili wa bayoinformatiki (kuchambua vinasaba kwa kompyuta) Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Makerere.

Zoezi la kwanza halihitaji maabara. Mradi wa 1000 Genomes, uliosoma jenomu za watu wa mataifa mengi, umeweka data zake wazi kwa yeyote, na miongoni mwa waliopimwa wamo Waluhya wa Webuye, Kenya, kundi lenye alama LWK. Pakua kipande cha CYP2B6, jeni nyingine ya kuvunja dawa, tafuta badiliko lenye namba rs3745274, hesabu herufi T inaonekana mara ngapi kwa LWK na mara ngapi kwa Wazungu na Wachina. Kisha ujiulize kwa nini dawa ya VVU ya efavirenzi, iliyotolewa kwa wote miligramu 600 kwa siku, iliwapa baadhi ya watu kizunguzungu na ndoto za kutisha. Aliyerithi T mbili huivunja polepole, dawa ikajaa damuni. Mwaka 2014 utafiti mkubwa ulionyesha kuwa miligramu 400 zinatosha, na siku hizi nchi nyingi zimehamia dolutegraviri. Ukimaliza zoezi hilo kwa mikono yako, bila kunakili, utakuwa umeshaingia kazini.

Mchumba wangu alipimwa kwa kipimo cha haraka akaambiwa "ana seli mundu". Mimi sijapima. Mama mkwe mtarajiwa anataka tuachane. Wengine wanasema kati ya watoto wanne mmoja ndiye ataumwa, kwa hiyo tukizaa watatu tu tuko salama. – Bibi harusi mtarajiwa, Mwanza

Dada, kwanza tujue alipimwa nini. Kipimo cha zamani huchanganya tone la damu na dawa ya kunyonya oksijeni, kisha mtaalamu anatazama kwenye darubini kama chembe zinajikunja. Mbebaji (AS) zitajikunja, mgonjwa (SS) zitajikunja vilevile. Kipimo hicho hakitenganishi hao wawili. Mtu mzima asiyewahi kulazwa kwa maumivu ya mifupa wala upungufu mkubwa wa damu huenda ni mbebaji tu, lakini msikisie. Ombeni elektroforesisi ya himoglobini au kipimo cha HPLC, vinavyotenganisha aina za himoglobini, nyote wawili, na mwombe majibu yenye asilimia. Mbebaji kwa kawaida huwa na himoglobini S (ya seli mundu) kama 35 hadi 40 kwa mia, na A (ya kawaida) ndiyo iliyo nyingi. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri miezi 3, la sivyo mtapima damu ya mfadhili.

Ukiwa AA (usiyebeba jeni hiyo) na yeye AS, hakuna mtoto atakayeumwa. Kila mimba ina nusu kwa nusu ya kuzaa mbebaji. Ikiwa yeye ni SS na wewe AA, watoto wote watakuwa wabebaji. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa, na hapo ndipo hesabu ya "tuzae watatu" inapovunjika. Mimba haikumbuki ndugu zake waliotangulia. Piga 0.75 mara 0.75 mara 0.75: unapata 0.42. Yaani wanandoa 42 kati ya 100 walio AS wote wawili watazaa watatu bila mgonjwa, na 58 watapata angalau mmoja.

Kuachana au kutoachana hatutawaamulia, wala mama mkwe asiamue kabla ya karatasi kutoka. Ila mjue kwamba mtoto wa SS anayejulikana mapema si yule wa miaka ya nyuma aliyegundulika akiwa mahututi. Apimwe akiwa mchanga kwa HPLC au vile vipimo vya haraka vinavyotumia kingamwili; kile cha darubini hudanganya chini ya miezi 6, kwa kuwa himoglobini ya kichanga (F) bado imefunika. Kufikia miezi 2 aanze penisilini V ya kumeza, miligramu 125 mara mbili kwa siku, na akifika miaka 3 ziwe 250 mara mbili hadi miaka 5. Apate chanjo zote, hasa ya nimonia, alale ndani ya chandarua. Mama afundishwe kushika wengu chini ya mbavu za kushoto: likivimba ghafla na mtoto akapauka, ni mbio hospitali usiku huohuo. Haidroksiurea, dawa ya kutuliza seli mundu, nayo huanzishwa kliniki kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, huku damu ikipimwa, maana chembe nyeupe zikishuka mno dozi husimamishwa kwanza. Kuna waliohofu kwamba dawa hiyo ingewaongezea malaria watoto wa Afrika. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ukachapishwa 2019, ulikuta kinyume: malaria ilipungua, pia kuongezewa damu, pia vifo.

Sukari yangu ya asubuhi ilikuwa 7.4. Daktari mwingine akapima ile ya miezi mitatu, HbA1c, ikaja 5.6 akasema niko sawa. Nimwamini nani? Mimi ni mbebaji wa seli mundu. – Msomaji, Kisumu

Usimwamini yeyote bado. Sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye uzito.

HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye himoglobini, na chembe nyekundu huishi kama siku 120. Ndiyo maana inaitwa ya miezi mitatu. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe hushusha namba bila kushusha sukari. Kwa Wamarekani weusi waliobeba seli mundu, HbA1c ilisomeka chini kwa wastani wa pointi 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu zisipasuke, walisomeka chini kwa takriban pointi 0.8, na hiyo inatosha kumficha mgonjwa wa kisukari kabisa. Kuvunjika kwa chembe baada ya malaria, kuongezewa damu na ujauzito huishusha pia. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Kwa mgonjwa wa SS kipimo hiki hakifai hata kidogo.

Sukari ya kufunga kula ya 7.0 mmol/L au zaidi ni kiwango cha kisukari, lakini kama huna kiu, kukojoa sana wala kukonda, irudiwe siku nyingine. Kwa hali yako tungeenda moja kwa moja kwenye kipimo cha kunywa glukosi. Kula kawaida siku 3, ugali na wali usiukimbie, kwa sababu anayejinyima siku hizo huweza kupata majibu ya uongo ya juu. Funga kula saa 8 hadi 14. Damu ya kwanza itolewe, kisha unywe glukosi gramu 75 kwenye maji mililita 250 hadi 300 ndani ya dakika 5. Maabara iangalie pakiti: glukosi ya aina ya monohaidreti inatakiwa gramu 82.5, na wengi hukosea hapo. Kaa, usitembee, usivute sigara. Damu ya pili baada ya saa 2: 11.1 na kuendelea ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kuelekea huko.

Uliza pia damu yako inakaa wapi kabla ya kupimwa. Chembe zikiwa hai kwenye chupa huendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ya 7.4 iliyosahaulika mezani saa mbili husomeka kama 6.5, na mtu anarudi nyumbani akifurahi. Chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia chembe kula sukari, husaidia, ila nayo huchelewa kuanza kazi. Bora iwekwe kwenye barafu na itenganishwe ndani ya nusu saa.

Ukikutwa katika ile hali ya kati, ipo kinga yenye ushahidi mzito. Utafiti wa Marekani wa 2002 ulionyesha kuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metiformini ilipunguza kwa asilimia 31.

Nina miaka 44, naendesha lori. Fedha ya vipimo vya vinasaba sina. Nianzie wapi? – Dereva, Dodoma

Anzia kwenye mkono wako wa kushoto. Presha ikipimwa vizuri nyumbani itakuambia mengi kuliko DNA yoyote tunayoijua leo kwa mtu wa umri wako. Haja ndogo kwanza. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza kama 7 au 8. Mkanda uwe wa saizi yako, kwani mdogo hupandisha namba. Usiongee. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85, nenda kliniki na daftari lako. Kisha waulize wazazi na wajomba: nani alipata kiharusi, kisukari, figo, saratani, na akiwa na umri gani. Umri ndio wanaosahau kuandika, na ndio wenye habari.

Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 6 alikula ful (maharagwe mapana), kesho yake mkojo ukawa mweusi na macho ya njano. Akaongezewa damu, wakapima G6PD, ikaja ya kawaida. Je, tuendelee kumpa ful? Na tukija likizo Tanga, dawa za malaria? – Baba, Muscat

Wa alaykum salaam. Asipewe. Majibu hayo hayana thamani kwa wakati yaliyochukuliwa. Katika shambulio, chembe zilizozeeka, zenye kimeng'enya kidogo, ndizo zilizokwisha kupasuka. Zilizobaki ni changa na zina kimeng'enya cha kutosha. Juu yake mmeweka damu ya mtu mwingine. Rudieni baada ya miezi 3, kwa kipimo kinachotoa namba. Historia uliyoieleza inaelekea kwenye upungufu huo, na Oman tafiti zimeukuta kwa karibu robo ya wanaume. Jeni iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mvulana hurithi kwa mama. Kaka zake na wajomba upande wa mama wapimwe pia.

Mbali na ful, ondoeni vidonge vya nafthalini vya kufukuzia nondo kabatini. Dapsoni aiepuke. Dawa ya malaria iliyochanganya dapsoni na kloroproguanili iliingia sokoni Afrika 2003, ikaondolewa 2008 kwa sababu ilivunja damu za watoto wa aina hii. Dawa mseto ya kawaida, ile ya artemetha na lumefantrini, ataitumia akiugua. Primakwini ndiyo yenye utata: dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa kuzuia maambukizi, imeonekana salama hata bila kupima G6PD, lakini ile ya siku 7 au 14 asipewe, wala tafenokwini. Andikeni hayo kwenye kadi akae nayo begini. Daktari wa zamu saa nane usiku hatapiga simu Muscat.

Nilijifungua kwa upasuaji nikapewa vidonge vyenye kodeini. Dada yangu vilimfaa. Mimi nililala mchana kutwa na mtoto akalegea, hataki kunyonya. Nilivyoacha tukapona. Ilikuwa sumu? – Mama, Mombasa

Haikuwa sumu, ilikuwa dawa sahihi kwenye ini lisilo sahihi. Kodeini yenyewe hutuliza kidogo sana. Ini huigeuza mofini kwa kutumia kimeng'enya cha CYP2D6. Wako watu wenye nakala tatu au zaidi za jeni hiyo, na hao hutengeneza mofini nyingi kwa kasi, nyingine ikapita kwenye maziwa. Katika utafiti wa 1996 Ethiopia, waliobeba nakala za ziada walikuwa takriban 29 kati ya 100. Wengine hawana nakala inayofanya kazi: hao wanameza na maumivu yako palepale, kisha wanaitwa waongo. Wengine jeni yao ni nzima ila wanatumia dawa ya sonona ya fluoksetini, ambayo huzuia kimeng'enya, wakaishia kundi hilohilo.

Hatuwezi kuthibitisha yako bila kipimo, wala hukihitaji ili ujilinde. Sema kwenye kila kliniki kwamba kodeini ilikulaza wewe na mtoto, iandikwe kwenye faili, na tramadoli, inayopitia kimeng'enya hichohicho, iingizwe humo humo. Paracetamol na ibuprofeni zinakubalika kwa anayenyonyesha. Marekani tangu 2017 imekataza kodeini kwa watoto chini ya miaka 12, na mama anayenyonyesha anaonywa asiitumie.

Nilituma mate kwa kampuni ya DNA. Ripoti inasema nina nakala mbili za badiliko la APOL1, "hatari ya figo". Familia yetu ni ya Burundi. Pia imeandika sina tatizo la BRCA. Silali. – Msomaji, Columbus, Ohio

Ndugu, lala kwanza, halafu tuanze na ile iliyokufurahisha, kwa sababu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Kipimo cha BRCA (jeni za saratani ya titi na ovari) kilichoruhusiwa Marekani 2018 kuuzwa kwa barua kilitazama mabadiliko 3 tu, yaliyo ya kawaida kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Mabadiliko yanayojulikana ni maelfu. Kama toleo ulilonunua ni la aina hiyo, "hakuna" kwa mtu wa Burundi maana yake ni kwamba hukutafutwa. Kama shangazi yako alipata saratani ya titi kabla ya miaka 50, mweleze mshauri wa vinasaba hospitalini kana kwamba hukupima kabisa.

APOL1 ni hadithi nyingine, na asili yake ni barani kwetu. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo hupasua vimelea vya malale. Vimelea vya Afrika Mashariki vilipata silaha ya kuizima, na mabadiliko ya APOL1 yanayoitwa G1 na G2 yanaonekana kuikwepa silaha hiyo. Malipo yake ni figo: 2010 watafiti walionyesha kuwa wenye nakala mbili hupata zaidi ugonjwa wa figo. Zaidi si wote. Wengi wenye nakala mbili huzeeka na figo zao. Fanya hivi: majibu yarudiwe kwenye maabara ya hospitali, upimwe albumini (protini) na kriatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye mkojo wa asubuhi na kriatinini ya damu, kila mwaka, presha idhibitiwe, dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni zisiwe za kila siku, pima VVU, kwa kuwa virusi visivyotibiwa ndivyo vinavyoamsha tatizo hili vibaya zaidi. Dawa ya inaksaplini, inayolenga APOL1 yenyewe, iko kwenye majaribio, na matokeo ya kwanza ya 2023 yalionyesha protini mkojoni ikipungua kwa karibu nusu. Muulize daktari wa figo kama unafaa kujiunga.

Na ukiona ripoti imeandika "Mwafrika" kama kabila moja, itilie shaka. Alama ya kinasaba ya HLA-B*57:01, inayompa mtu mzio hatari wa dawa ya VVU ya abakaviri, haikuonekana kwa Wayoruba wa Nigeria waliopimwa, lakini kwa Wamaasai wa Kenya ilikuwa asilimia 13.6.

Usisahau data zako. Kampuni ya DNA ya 23andMe ilidukuliwa 2023, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikavuja, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika. Kampuni yoyote uliyotumia, pakua faili ghafi, omba akaunti ifutwe na sampuli ya mate iharibiwe, uthibitisho uje kwa maandishi. Ndugu zako walioko Afrika Mashariki nao wana sheria: ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote huhesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Tunatoa DNA kwenye damu kwa ajili ya PCR (kuzidisha kipande cha DNA ili kisomeke) ya seli mundu na CYP2B6. Nusu ya sampuli zinagoma, na mbili zilitoa majibu ya mtu mwingine. – Mbeya

Tazama rangi za vifuniko kwanza. Ya kijani ina heparini, na heparini inaua PCR. Hata baada ya kusafisha hubaki kidogo. Tumia ya zambarau, yenye EDTA. Kama zote ni za zambarau, pima usafi: uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8. Ukiwa chini ya 1.6 protini imebaki, rudia hatua ya kuyeyusha chembe kwa muda mrefu zaidi. Uwiano wa 260 kwa 230 ukiwa chini, umebeba chumvi au pombe ya kuoshea. Zungusha safu ya kuchujia ikiwa tupu dakika 2 zaidi na uiache ikauke kabla ya kuongeza maji. Kisha punguza DNA mara 10 ujaribu tena. Sampuli inayogoma ikiwa nzito na kukubali ikiwa nyepesi ina kizuizi ndani. Damu iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi kila umeme unapokatika huleta DNA iliyokatikakatika: igawe vichupa vidogo siku ya kwanza, kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu.

Kwa kadi za damu kavu, acha zikauke saa 4 mezani mbali na jua kabla ya kufunga. Nesi akizifunga zikiwa mbichi zinaota ukungu njiani. Weka kifuko cha silika na uandike kwa penseli.

Zile mbili zilizobadilishana huenda hazikukosewa kwenye mashine. Kalamu ya kawaida hufutika ukipangusa chupa kwa spiriti, na mtu huandika upya kwa kumbukumbu. Nunueni lebo zinazostahimili baridi, kila chupa iwe na namba mbili zinazokubaliana. Kwenye kila bamba weka kisima cha maji matupu, na sampuli moja unayoijua ya AS. Ongeza pia kipimo rahisi cha kromosomu za X na Y: sampuli iliyoandikwa mwanamke ikionyesha Y, simamisha bamba zima, usitoe jibu hata moja, urudi kwenye daftari la mapokezi utafute ni saa ngapi foleni ilichanganyika.